Nimeanza dawa, na tiba ya mazungumzo pia

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliponiuliza kama ni kweli nimeanza dawa ya wasiwasi nilikujibu kwa mkato, kwa kuwa nilitaka nikueleze kwa utulivu. Ni kweli. Na kila wiki naonana na mtaalamu wa saikolojia.

Wasiwasi wangu unaujua tangu usichana wetu: moyo kwenda mbio, usingizi kukatika alfajiri, simu ikilia naona tayari kuna msiba. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wasiwasi wa karibu kila siku, uliodumu miezi 6 au zaidi na kuvuruga maisha, ni maradhi yenye tiba. Nililia pale pale, kama aliyetua mzigo.

Ameniandikia dawa iitwayo setralini, miligramu 25 kwanza, kisha 50. Hapa nisikilize sana, maana najua nawe unaifikiria. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko kabla ya dawa: kichefuchefu, mikono kutetemeka, wasiwasi wenyewe kupanda. Nilikuwa nimeshaonywa, ndiyo maana sikuacha. Dawa hii haitulizi papo hapo kama diazepamu, ambayo ukiitumia muda mrefu mwili huizoea na kuidai. Setralini huchukua wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6, ndipo uone nafuu. Wala haiachwi ghafla. Daktari ndiye huipunguza polepole, miezi mingi baada ya kupata nafuu. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwambie siku hiyo hiyo, usingoje miadi.

Mtaalamu naye hanipi mawaidha, ananipa kazi. Unakumbuka nilivyokuwa nikimpigia mama kila saa kuhakikisha yu mzima? Kila nikipiga nilitulia kidogo, na hofu ikazidi kunenepa. Sasa sipigi. Nakaa nayo mpaka ipungue yenyewe, kisha naandika nilichoogopa na kilichotokea. Kwangu hiyo ni ngumu kuliko vidonge, lakini bila vidonge nisingeweza hata kuijaribu.

Watakaokuambia ni upungufu wa imani, waache. Nasali kama zamani, na dawa nameza.

Ukiamua kumwona daktari, niambie siku. Nitakusindikiza, nikungoje nje mpaka utoke.

Akupendaye daima,
Rafiki yako