Mdogo wangu, kabla hujachora ile mbegu

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, basi nimeipokea. Mama alinipigia simu juzi akaniambia umepewa kazi ya kuchora kitabu cha watoto kuhusu kupanda mimea, na kwamba ukurasa wa kwanza umeshauanza: mbegu ndani ya udongo, jua linachomoza, tone la maji linadondoka. Nilifurahi mpaka usingizi ukakata. Halafu nikaanza kuiwaza ile mbegu. Ndiyo maana nakuandikia, tena hadharani, kwa sababu wanaochora na kuandika kwa ajili ya watoto mko wengi, na ningependa wenzako nao wasikie.

Unajua nafundisha darasa la pili. Mwaka jana niliwaambia watoto wachore mgomba unavyokua, tangu mwanzo mpaka mkungu. Hawa ni watoto wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wanaamka wanaona migomba, wanalala wanaona migomba, mtori wanaokunywa umetoka nyuma ya jiko. Karibu darasa zima lilichora mbegu. Mbegu nyeusi ya mviringo chini ya ardhi, kamzizi, majani mawili, halafu ghafla mgomba mzima. Mtoto mmoja tu, anayelelewa na bibi yake, alichora mgomba mkubwa na mwingine mdogo ubavuni, akaandika chini yake: "huyu mama huyu mtoto". Wenzake wakamcheka. Walimwambia amekosea, kitabuni haiko hivyo.

Na kweli kitabuni haiko hivyo. Hilo ndilo lililoniuma. Vitabu vya kupanda tulivyo navyo darasani vyote vinaanza na mbegu, vinapita kwenye chipukizi na ua, vinaishia kwenye tunda. Ni safari nzuri na ya kweli kwa mimea mingi. Lakini mgomba wetu hauna mbegu. Zile nukta nyeusi unazoziona ukikata ndizi ni masalio tu ya mbegu, haziwezi kuota. Migomba ya porini ndiyo yenye mbegu hasa, ngumu kama kokoto. Sisi tunachimba chipukizi pembeni ya mama, tunalitenga kwa jembe, tunalihamishia kwenye shimo lenye samadi. Mama huzaa mkungu mmoja tu maishani mwake. Ukishakomaa anakatwa, shina lake linapewa ng'ombe au linaachwa lioze palepale, na mmoja wa watoto anashika nafasi. Kuna migomba kwenye kihamba chetu, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ambayo ukifuata ukoo wake unafika kwa ile aliyoipanda babu kwa mkono wake. Ni mgomba uleule, umebadilisha mashina tu.

Sasa niambie, ni kitabu gani kimewahi kumweleza mtoto jambo hilo?

Tena si mgomba peke yake. Masale yanayozunguka kaburi la babu yalipandwa kwa vipande vya shina. Muhogo ni kipande. Viazi vitamu ni marando. Magimbi nayo hayaanzi kwa mbegu. Ukisimama katikati ya kihamba ukageuka polepole, vingi utakavyoviona vimetokana na kitu kilichokatwa kwa jirani au kwa shangazi, kikaletwa mkononi. Mmea wa kwetu una historia ya mtu aliyekupa. Huo peke yake ni ukurasa, mdogo wangu: mtoto anapanda mlima na chipukizi begani, ametumwa kwa shangazi.

Usinielewe vibaya, sivikatai vitabu vya mbali. Kuna kile cha Ruth Krauss wa Marekani, The Carrot Seed, cha mwaka 1945. Mtoto anapanda mbegu ya karoti, mama anamwambia huenda isiote, baba hivyohivyo, kaka yake ndiyo kabisa. Mtoto anang'oa magugu na kumwagilia kila siku, na mwisho karoti inatoka. Maneno ni machache sana. Nimewasomea watoto kwa kuwatafsiria palepale, na kila mara darasa linanyamaza wakati ule ambapo hakuna kinachoota. Yule mwandishi alijua kwamba kupanda ni kungoja. Hilo liibe bila aibu.

Ila majira usiyaibe. Tuna kitabu kimoja kilichotafsiriwa, kina "majira ya kuchipua" na theluji inayofunika bustani. Mtoto aliniuliza, "Mwalimu, majira ya kuchipua ni lini?" Nikamwonyesha dirishani. Siku hiyo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi, nikamwambia theluji ni ile pale juu. Akaniuliza kama kule juu wanapanda karoti. Chora masika. Chora Machi mawingu yanavyoshuka mpaka kwenye paa la shule, mvua ya Aprili isiyojua kupumzika, matope mekundu kwenye soksi nyeupe. Chora vuli, fupi, ambayo mwaka mwingine inakuja na mwaka mwingine inatupita. Na chora mfereji. Watu wa mlimani tumekula kwa mifereji karne na karne, maji yanatoka juu msituni yanagawanywa kwa zamu, na mtoto anayetumwa alfajiri kufungua maji zamu ya kwao ikifika amebeba jukumu kubwa kuliko shujaa yeyote wa hadithi.

Kuna jambo jingine, hili ni zito kwangu. Unakumbuka shamba la shule tuliyosoma? Ukichelewa, shamba. Ukipiga kelele, shamba. Ukikosa hesabu tatu, unapewa kipande cha kulima jua la saa saba. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya kujifunza, mtoto aone faida ya jasho lake. Sisi tulikuta limegeuka kuwa fimbo. Nilikua naamini jembe ni adhabu, na nilisoma kwa bidii ili nisilishike tena. Nilikuwa na zaidi ya miaka 30 nilipopanda kitu kwa hiari yangu, mchicha, kwenye ndoo iliyopasuka. Siku ya nne asubuhi nikaona vijani vyembamba kama uzi, vyekundu kwa chini, vimeinua vumbi la udongo. Nilichuchumaa pale mpaka chai ikapoa. Ndicho kitabu ninachokuomba: kimfanye mtoto achuchumae hivyo akiwa na miaka saba, asisubiri miaka yangu.

Kwa hiyo mkono wako uwe mwaminifu. Ukichora mharage unaota, uangalie kwanza. Loweka maharage usiku mmoja, weka kwenye glasi yenye kitambaa kibichi, weka na punje za mahindi glasi nyingine. Utaona haragwe linajikunja kama mtu anayebeba mzigo, linanyooka, linapanda juu likiwa limezibeba zile nusu zake mbili kichwani. Hindi halifanyi hivyo. Punje inabaki chini, linatuma juu sindano moja ya kijani iliyojiviringisha. Watoto wangu waliona tofauti hiyo kabla sijawaambia, wakabishana siku mbili. Vitabu vingi vinachora mimea yote inaota namna moja, na mtoto aliyeangalia kwa macho yake anajua amedanganywa.

Na kuku. Tafadhali weka kuku. Hakuna bustani huku ambayo kuku hajaiingilia. Mtoto apande mbegu kumi, sita ziote, kuku afukue mbili, moja inyauke bila sababu. Asiambiwe ni kosa lake. Bibi amwambie tu, "Haya, lete nyingine," kama bibi yetu alivyokuwa anasema huku anafungua fundo la kitenge chake, mbegu za mnafu zikiwa ndani. Sijawahi kuona mnafu kwenye kitabu cha picha, wala mgagani. Wakati Tengeru, hapo njia ya Arusha, World Vegetable Center wana hifadhi nzima ya mbegu za mboga zetu za asili, wanazitunza kwenye baridi zisipotee. Watafiti wanaziheshimu kiasi hicho, kitabu cha mtoto nacho kiziheshimu.

Usiwasahau watoto wa mjini. Wa Pasua na Njoro hawana kihamba, wana uwanja wa hatua nne na kamba ya nguo. Wape bustani ya gunia: mawe katikati ya kupitishia maji, udongo na samadi pembeni, matundu ubavuni, sukuma wiki inachungulia kila upande. Ni picha nzuri hata kabla hujaitia rangi.

Maneno nayo. Mwambie mwandishi wako asiogope maneno halisi: mkungu, chane, mche, rando, samadi, kupalilia. Watoto wa mlimani wengi wana neno la Kichaga nyumbani na neno la Kiingereza dukani, Kiswahili cha shamba kinawapita katikati. Andikeni kwa maandishi makubwa pia, yanayosomeka kwa mbali, kwa sababu kitabu kimoja darasani kwangu kinasomwa na vichwa vinne.

Sijui ukurasa wa kwanza unaweza kuubadilisha au umeshapelekwa. Kama bado, njoo. Panda basi uje kabla ya Machi kwisha, udongo haujawa tope la kunasa viatu. Lete karatasi na rangi zako, uniachie mimi kupika. Yule mtoto wa "huyu mama huyu mtoto" nimeshamwambia dada yangu mchoraji anakuja, akaniuliza kama mgomba mama anajua kwamba atakatwa. Sikuwa na jibu. Tutakaa naye nyuma ya jiko, pana mgomba wa mshare una mkungu karibu kukomaa, na chipukizi lake limeshanifika kiunoni.

Dada yako,
Kibosho, Moshi