Barua kwa mwanangu: rikasheni isikukoseshe usingizi

Asalaam aleikum mamangu,

Voisi yako ya jana usiku nimeisikia, mamako akadhani una homa kumbe ni rikasheni tu, ile fankisheni (kipande cha programu) inayojiita yenyewe. Huku Lamu sote wazima, alhamdulillahi.

Sasa sikiza. Shida yako si akili, wewe wataka kuifuata ile fankisheni ikijiita na kujiita mpaka chini kabisa, yote kichwani kwa pamoja, na kichwa hicho hakuna. Chukulia harusi. Nyanyako akitaka kujua ukoo wake ni watu wangapi hazunguki Mkomani mpaka Langoni akibisha kila mlango, anawauliza wanawe tu, kwako mko wangapi? na kila mmoja naye anawauliza wanawe swali lile lile, mpaka lifike kwa asiyekuwa na mtoto, huyo hana wa kumuuliza, anajibu mmoja. Basi majibu yaanza kupanda, kila mtu anajumlisha alizoletewa, anajiongeza mwenyewe, anampa mzaziwe. Nyanya hana haja kujua vitukuu vilihesabiwa vipi, kaamini jibu la mwanawe yamekwisha.

Ndo faktoria yako hiyo, yaani kuzidisha namba zote kuanzia n, namba uliyopewa, kushuka mpaka 1. Ya 4 yaiuliza ya 3, ya 3 yaiuliza ya 2, ya 2 yaiuliza ya 1, na 1 ndo asiyekuwa na mtoto, arudisha 1. Halafu kupanda: 2, 6, 24. Na hapa ndo mnateleza wengi, n si moja inayobadilishwa badilishwa, kila mwito una n yake, ile 4 iko pale pale yangoja jibu la chini ili izidishe.

Ile picha uliyonitumia ya RecursionError, kosa la kujiita kupita kiasi, ama hukuweka pa kusimama ama wajiita na n ile ile badala ya n-1. Python, hiyo lugha unayoandikia programu, kwa kawaida yakuachia miito kama 1000 hivi halafu yakataa, na afadhali, maana kila mwito unaongoja wala memori. Ukiona None, yaani hakuna jibu, basi umesahau return, neno la kurudisha jibu, mtoto kahesabu vizuri halafu kanyamaza.

Fibonacci, ile orodha ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, iweke kando kwanza, hata kama mwalimu ndo kaanzia hapo (mi sikubaliani naye), ile yajiita mara mbili kila mwito na hesabu zile zile zarudiwa ovyo, itakuchanganya bure.

Leo laptopu ifunge. Chukua karatasi uandike ya 3 kwa mkono, mstari kwa mstari, upige picha unitumie kabla ya Isha, baadaye natoka. Na mamako asema upokee simu yake.

Babako