Nilimtumia pole, nikahisi nimekwenda kumwona

Shikamoo shangazi,

Nitaanzia katikati, maana nikianzia mwanzo utachoka kabla hujafika kwenye shida yenyewe.

Mwezi uliopita mzee mmoja jirani yetu, anayeishi peke yake tangu mkewe afariki, aliteleza bafuni akaumia nyonga. Habari zilifika kwenye grupu letu la wakazi kabla hata hajaruhusiwa kutoka hospitali. Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi na ndiye admini wa grupu, hivyo nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika: "Ugua pole mzee wetu, tuko pamoja nawe." Nikaweka na vile viganja viwili vilivyokutana, nikatuma, nikaendelea kupiga pasi.

Siku ya tisa nikabisha hodi kwake. Nisikudanganye shangazi, sikwenda kumjulia hali. Nilifuata daftari la mahudhurio ya mikutano, maana yeye ndiye alikuwa katibu kabla yangu na vitabu vya zamani bado viko kwake. Nilimkuta kitandani, ameegemea ukuta, simu iko juu ya mto. Aliponiona alifurahi mpaka nikaona haya. Akanipa ile simu. "Hebu nisomee, mwanangu. Inalia tangu nilipoanguka na sijui inasema nini."

Nikamuuliza miwani iko wapi. Akafungua droo. Kioo kimoja kimepasuka katikati, kingine hakipo kabisa. Ilivunjika siku ileile, palepale bafuni.

Basi nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamsomea pole 64. Nilizihesabu, ndiyo. Kila baada ya mbili tatu ananisimamisha: "Huyo nani?" Nami naangalia jina lililoandikwa pale, "Mtu wa Watu", sijui "Baraka Tele", na kwa nusu yao sikuwa na jibu. Katibu mzima! Nilipofika kwenye ujumbe wangu nilitaka kuuruka, lakini akawahi kuuliza, "Na wewe uliniandikia?" Nikausoma. "Tuko pamoja nawe." Sauti ilinikauka. Akasema asante, akaniomba nirudie ule wa yule dada wa maua. Nikamweleza kwamba maua yenyewe hayasomeki, ni picha tu, ameweka maua mekundu matatu. "Matatu?" akasema, akatabasamu kama mtoto.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Zile pole zilimfurahisha kwelikweli. Siwezi kukuandikia kwamba ni takataka.

Ila kinachoninyima usingizi ni hiki: katika siku zote tisa sikuwahi hata mara moja kuhisi kwamba sijaenda kumwona. Zamani ukichelewa kumtembelea mgonjwa, jambo lenyewe linakuganda. Unalala nalo, unaamka nalo, ukipita karibu na nyumba yake unageuza uso. Mwishowe unakwenda, hata kama ni kwa kujitua mzigo tu. Safari hii sikuwa na mzigo wowote. Niliutua kwa kidole, sekunde nne, pasi ikiwa mkononi.

Grupu nililianzisha mimi. Ilikuwa mwaka 2020, korona imefunga mikutano, watu wana hofu na kila mmoja yuko ndani kwake. Tulianza watu 38. Leo tuko 212, na haki ya Mungu limetusaidia. Mtoto aliwahi kupotea jioni, akapatikana ndani ya dakika arobaini kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye kila simu. Usiku mmoja nyaya za umeme zilishika moto kwenye nyumba moja, watu wakatoka na ndoo na mchanga kabla mwenye nyumba hajaamka vizuri. Kwa mambo ya dharura sina ugomvi nalo.

Mambo yasiyo ya dharura ndiyo yamekufa. Mwezi wa tatu tulipanga kuzibua mtaro siku ya Jumamosi. Nilitangaza kwenye grupu, vidole gumba 71 vikasimama. Nilifurahi, nikaazima majembe ya ziada. Asubuhi tulifika watu watano, na wa tano alikuwa anapita tu, akaona aibu kutuacha. Mmoja wetu akapiga picha na kuituma. Mpaka mchana pongezi zilikuwa zinamiminika: "Hongera kwetu wote, mtaa wetu unang'aa!" Kwetu wote. Mimi bado nilikuwa na matope hadi magotini.

Binti yangu yuko chuo kikuu, anasoma sosholojia, na ananiambia nimeanza kuzeeka. Anasema kila kizazi hulalamikia chombo kipya. Siku moja nilipomshika sana akanisimulia utafiti wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998. Waliwafuatilia watu 169 wa familia 73 waliokuwa ndio kwanza wameunganishwa na intaneti. Baada ya mwaka mmoja au miwili, waliotumia zaidi walikuwa wamepunguza mazungumzo na watu wa nyumbani kwao, marafiki wamepungua, upweke umeongezeka. Nikapiga kofi la ushindi. "Subiri mama," akasema. Watafiti haohao walirudi kuwaangalia tena, na mwaka 2002 wakaandika kwamba yale madhara kwa sehemu kubwa yalikuwa yametoweka. Akaniongezea na kitongoji kimoja kipya karibu na Toronto, Kanada, ambacho Keith Hampton na Barry Wellman walikichunguza mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyumba nyingine zilikuwa na intaneti ya kasi, nyingine hazikuunganishwa. Waliounganishwa walijua majina ya majirani karibu mara tatu ya wenzao, na walitembeleana zaidi. Zaidi, shangazi, si pungufu! Nilinyamaza.

Lakini kuna sentensi moja aliisema kwa haraka, kama jambo dogo, na ndiyo iliyonibakia. Alisema wale watafiti wa Pittsburgh walipopima kundi jingine baadaye, waliona intaneti inawafaa zaidi wale ambao tayari ni wachangamfu na wana watu wao. Wapole na wasio na watu haikuwafaa hivyo. Mwenye nacho huongezewa. Nikamkumbuka mzee na droo yake.

Ningeishia hapo nikasema nafunga grupu, kazi imekwisha. Ila kuna dada mmoja hapa kwetu mwenye kigugumizi kikali. Kwa miaka yote ya mikutano sikuwahi kumsikia akichangia. Alikuwa anakaa nyuma karibu na mlango, na akiulizwa anatikisa kichwa. Kwenye grupu ndiye mwenye hoja kali kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tunatozwa mara mbili kwa uzoaji wa taka, akaweka hesabu mstari kwa mstari, na tukarudishiwa. Nikifunga grupu nitakuwa nimemrudisha kule nyuma karibu na mlango. Na kuna wanaofanya kazi usiku, na wanaouguza watu nyumbani, ambao mkutano wa jioni hawawezi kuufikia hata ungewabembeleza.

Halafu niseme la aibu. Nimelizoea. Mikutano ilikuwa inachosha, kulikuwa na bwana mmoja anayesimama kuuliza swali na kukaa chini baada ya robo saa. Kumtembelea mgonjwa nako kuna uzito wake: hujui useme nini, hujui ukae muda gani, unaogopa kumchosha, unaogopa kuondoka mapema. Simu imenitolea yote hayo. Hata nyumbani, mume wangu juzi aliuliza kwenye grupu kama maji yanatoka, nami nimekaa naye sebuleni. Nikamjibu hukohuko. Tulicheka, lakini hakuna aliyeiweka simu chini.

Nilijaribu dawa moja. Nililifunga grupu kwa siku mbili, nikaliweka tuandike maadmini peke yetu, nikidhani watu watatoka nje wazungumze. Niliitwa dikteta. Kesho yake likazaliwa grupu lingine linaloitwa "Wakazi Halisi", na humo ndimo niliposemwa vizuri. Nikafungua upesi.

Sasa mwenyekiti wetu ameleta pendekezo: mikutano ya ana kwa ana ifutwe rasmi, kila kitu kiamuliwe kwa kura ya kwenye grupu. Hoja yake ni nzito, mahudhurio yamekuwa ya kutia huruma. Ndiyo maana nilifuata lile daftari, nipate takwimu. Mwaka 2019 tulikuwa hatupungui 35 kwa mkutano. Mwaka jana mkutano uliojaa kuliko yote ulikuwa na watu 11.

Nikawa nafunua kurasa za mzee, na shangazi, nikakuta safu ambayo mimi nilipochukua ukatibu niliiondoa kwa kuona inapoteza muda. Mbele ya kila asiyehudhuria aliandika sababu kwa mwandiko wake wa kulala: "Amesafiri." "Mtoto anaumwa." "Amekasirika, suala la ukuta." Na mara nyingi, nyingi sana, ameandika: "Sijui. Nipite kwake."

Nilikaa na ukurasa ule kwa muda mrefu. Kwenye mkutano kiti kikiwa kitupu unakiona. Kwenye grupu aliyenyamaza haonekani, anafunikwa na wanaoandika. Mzee hakujibu hata pole moja kwa siku tisa, yeye ambaye hajawahi kukosa kusema asante, na katika watu 212 hakuna aliyejiuliza kwa nini. Na ukifungua orodha ya waliosoma ujumbe utaona baadhi yetu tulikuwa tumesoma kila kitu.

Kura ni Jumamosi baada ya ijayo, na itapigwa kwenye grupu. Mimi ndiye nitakayeandika hoja za pande zote mbili, na sijui mwenyewe niko upande gani. Nikitetea mikutano, nitaonekana nang'ang'ania mambo ya kale, na yule dada wa kigugumizi atakuwa na haki ya kuniuliza nimemfikiria vipi. Nikinyamaza, pendekezo litapita bila jasho.

Naomba unisaidie katika haya. Je, nipiganie mikutano ibaki hata kama ni ya watu 11, au nikubali yameisha na nitafute namna nyingine ya watu kuonana, labda vikundi vidogo vya nyumba tano sita? Ile safu ya mzee, inawezekana kuirudisha kwenye grupu bila watu kuona wanachunguzwa? Nimewaza niwe naangalia kila wiki nani amekuwa kimya, niende kwake. Mume wangu anasema huo ni upelelezi, na kwamba nyumba 80 sitaziweza. Na la tatu linanihusu mimi peke yangu: mtu aliyezoea kutuma pole akaona amemaliza, anairudishaje ile hali ya jambo kumganda? Sitaki kujilazimisha kwa wiki mbili kisha nirudi palepale. Nishawahi kujiwekea nadhiri ya kutogusa simu baada ya saa mbili usiku, ilidumu siku tatu.

Usinijibu kwamba nitumie mtandao kwa kiasi. Hilo nimelisikia, hata kwenye grupu huwa linapita, limesambazwa mara nyingi.

Kwa mzee nimeshakwenda mara nne tangu siku ile. Mara ya pili hatukuwa na la kusema, tukasikiliza redio. Miwani nimeipeleka kwa fundi, itakuwa tayari Alhamisi. Amenikataza nisifute ujumbe hata mmoja. Anataka azisome zote 64 mwenyewe, halafu anasema atawajibu mmoja mmoja, na wale asiowajua nimwonyeshe nyumba zao.

Wako,
Katibu aliyekosa usingizi