Neno moja kwenye barua ya mpwa wako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua ya mapendekezo uliyomwandikia mpwa wako kwa Kiingereza nimeisoma mara mbili. Ni nzuri, na inaonyesha jinsi unavyompenda. Ila nakuomba usiitie sahihi bado, kuna neno mstari wa nne linanitia wasiwasi.

Binti anaomba kazi ya kushika fedha, nawe umemwita trustful. Najua ulitaka kusema ni mwaminifu. Lakini trustful ni mtu mwepesi wa kuwaamini wengine. Mwajiri akifika hapo ataelewa kwamba yeyote atakayekuja na maneno matamu, binti atamfungulia sefu! Neno ulilokuwa unalitafuta ni trustworthy, yaani anayestahili kuaminiwa.

Nadhani napajua ulipoteleza. Tumezoea faithful, ambalo ni mwaminifu kweli, basi mtu hudhani trustful ni pacha wake kwa kuwa yanaishia sawa. Kumbe faithful huitunza imani aliyopewa, na trustful huitoa yeye. Kustahili kumo kwenye worthy: meli iliyo seaworthy ni ile inayofaa kuingia baharini.

Kiswahili chetu nacho kinatusaidia. Anayeamini na anayeaminika, hapo mwishoni imeongezeka -ka tu, na tayari tunazungumzia watu wawili tofauti. Mimi nikitatizika hujiuliza habari ya amana. Trustful ndiye anayeiacha kwa mwenzake, trustworthy ndiye anayeachiwa.

Lakini usidhani trustful ni tusi. Mtoto anayejirusha kutoka kwenye ngazi bila hata kuangalia kama baba yake amekwishanyoosha mikono, huyo ni trustful, na mimi hupenda sana kuona hivyo. (Siku hizi wengi husema trusting, maana ni ileile.) Ila anayekwenda kukabidhiwa funguo hasifiwi hivyo.

Badilisha neno hilo tu. Pale ulipoeleza kwamba kwa miaka 3 amefunga hesabu za kikundi chenu kila mwezi, na fedha hazijawahi kupishana na daftari, usipaguse hata koma. Hapo ndipo anapoonekana mwenyewe.

Ukishasahihisha nitumie usiku huu huu. Nitaisoma tena kabla sijalala.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.