Watahiniwa wa leseni ya uuguzi wakokotoe dozi, waache kukariri herufi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wahitimu wa uuguzi na ukunga wa Tabora na Kigoma wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wauguzi wakuu wa hospitali wanakopangiwa mazoezi nao watapata lao humu.

Msimu wa mtihani ukikaribia, maswali ya miaka iliyopita huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp, mengi yakiwa yameshawekewa majibu, na hakuna ajuaye nani aliyeyaweka. Baadhi ya majibu hayo yamekosewa kabisa. Mtahiniwa anakesha akikariri kwamba swali fulani jibu lake ni C. Uzito wa mtoto ukibadilishwa kutoka kilo 12 kuwa kilo 22, hana pa kushika, kwani alishika herufi akaacha njia. Hilo linatuuma, kwa sababu leseni ndiyo inayompa mtu haki ya kubaki peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya Sikonge au Uvinza, ambako hakuna wa kumuuliza.

Ombi letu ni kwamba nusu ya muda wa marudio iwe ya hesabu za dawa na ya kuamua lipi litangulie, na mifano itoke kwenye magonjwa yanayojaza wodi zetu.

Tuanze na malaria kali. Mtoto wa kilo 14 ameletwa hajitambui, na ameandikiwa sindano ya atesuneti. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 kwenda juu ni miligramu 2.4. Kwa hiyo 14 mara 3 ni miligramu 42. Kichupa cha miligramu 60 kina unga mkavu. Kwanza unaweka mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, unatikisa hadi maji yawe maangavu. Yakibaki na ukungu, kichupa hicho ni cha kutupa. Ndipo unaongeza kiyeyushi cha pili, cha chumvi au cha dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5. Ukitaka kuchoma mshipani unaongeza mililita 5, jumla zinakuwa 6, na kila mililita inabeba miligramu 10. Ukitaka kuchoma kwenye msuli wa paja unaongeza mililita 2, jumla 3, na kila mililita inabeba miligramu 20. Mtoto wetu basi atapata mililita 4.2 mshipani au 2.1 msulini. Wodini mtafuata jedwali la kituo, ambalo linaweza kuzungusha kiasi hicho juu kidogo, lakini hesabu yenyewe lazima muijue. Dozi zinazofuata ni baada ya saa 12 na saa 24 tangu ile ya kwanza, halafu moja kwa siku hadi aweze kumeza, kisha anamalizia dozi kamili ya dawa mseto. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, haiwekwi kusubiri zamu nyingine.

Sasa angalieni mahali watu wanapoteleza. Anayetumia 2.4 kwa mtoto huyu anapata miligramu 33.6, yaani amempunguzia sehemu moja ya tano ya dawa, wakati mwili wa mtoto mdogo unaitoa dawa hii haraka kuliko wa mtu mzima. Anayechanganya kwa ajili ya msuli kisha akavuta 4.2 amempa miligramu 84, mara mbili ya dozi. Mtungaji wa maswali anayajua makosa haya, ndiyo maana huyaweka kama majibu ya kuchagua. Kukuta hesabu yako imo kwenye orodha ya majibu hakuna maana kwamba umepatia.

Mtoto huyo huyo lazima apimwe sukari. Ikiwa imeshuka, au kipimo hakipo na hajitambui, hupewa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, sawa na mililita 70. Ghala likiwa na ya asilimia 50 tu, sehemu moja ya dawa inachanganywa na sehemu nne za maji ya sindano: mililita 14 na mililita 56. Kumchoma mtoto ile ya asilimia 50 bila kuizimua kunaunguza mshipa. Na swali likisema bado anatupa degedege, njia ya hewa ndiyo inayotangulia, sukari inafuata.

Dripu ni hesabu nyepesi ambayo watu wengi huiharibu kwa haraka. Mililita zote mara idadi ya matone kwa mililita, gawanya kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 4, kwa mpira wa matone 20: 500 mara 20 ni 10,000, gawanya kwa 240, matone 42 kwa dakika. Aliyesahau kugeuza saa kuwa dakika anapata 2,500, na hapo angejiuliza kama kuna jicho linaloweza kuhesabu matone hayo. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya mpira: ipo mipira ya 15, ya 20, na ile ya matone madogo ya 60. Kwa huo wa 60, mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika, huhitaji hata karatasi.

Kifafa cha mimba tungetaka kirudiwe mpaka mikono izoee. Ampuli ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5, yaani nusu gramu kwa kila mililita. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 mshipani, ikiwa imezimuliwa kufikia asilimia 20: vuta mililita 8 za dawa, ongeza 12 za maji ya sindano, upate 20, usukume polepole kwa muda usiopungua dakika 5. Kisha gramu 10 msulini, gramu 5 kila tako, hizi za asilimia 50 bila kuzimuliwa, kila bomba likiongezwa mililita 1 ya dawa ya ganzi, lignokeini ya asilimia 2, kwa sababu sindano hiyo inauma sana. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, tako moja baada ya jingine, hadi saa 24 zitimie tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja baadaye. Kosa la kutisha ni kupeleka mshipani ile ya asilimia 50 kama ilivyo.

Kabla ya kila dozi ya kuendeleza kuna mambo matatu ya kuangalia: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo hauko chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi haichomwi. Swali likikupa mama anayepumua mara 10 na goti lililolala, usianze kutafuta namba ya daktari kwenye majibu. Zuia dawa, saidia pumzi, andaa dawa ya kuipinga, kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, ichomwe mshipani taratibu. Na tuseme wazi: wakati wa degedege mama analazwa ubavu wa kushoto, hawekewi kijiko mdomoni.

Kutokwa damu baada ya kujifungua watahiniwa wengi wanaweza kukieleza, lakini wanashindwa kusoma dalili alizoziweka mtungaji. Mililita 500 au zaidi, au kiasi chochote kinachoibadilisha hali ya mama, ni hatari. Kisha shika tumbo. Mfuko wa uzazi ukiwa laini, tatizo ni kutojibana: ita msaada, usugue, toa oksitosini, dawa ya kuubanisha. Ukiwa mgumu na damu nyekundu bado inachuruzika, tafuta mchaniko. Ukiwa umepanda juu na kuegemea upande mmoja, kibofu kimejaa, mtoe mkojo kwanza. Kondo likiwa na pengo, kipande kimebaki ndani. Damu isiyoganda nayo ni chanzo kingine. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikome, gramu 1 huchomwa mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na hurudiwa baada ya dakika 30 damu ikiendelea. Oksitosini ya kuzuia, yuniti 10 msulini, hutolewa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mkiwa mmehakikisha hakuna pacha aliyebaki. Dawa hii hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8; iliyoshinda juani kwenye boksi la pikipiki huenda isifanye kazi mama anapoihitaji.

Mtoto mchanga asiyelia anakaushwa na kusisimuliwa, na kama hapumui, ambu (mfuko wa kusukumia pumzi kwa mkono) ianze kabla dakika moja haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa, kaza barakoa, safisha mdomo. Kubana mfuko kwa nguvu zaidi si hatua ya kwanza. Kwa watoto wenye kikohozi, kupumua haraka ni mara 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 kuanzia miezi 2 hadi 12, na 40 kuanzia mwaka 1 hadi 5. Damu ya kuongezewa ikileta homa na kutetemeka, hatua ya kwanza ni kufunga damu, kubadili mpira na kuuweka mshipa wazi kwa maji ya chumvi. Dekstrosi haipiti mpira mmoja na damu.

Utaona basi kwamba maswali ya "ufanye nini kwanza" yana ufunguo. Kama swali halijakupa taarifa za kutosha, jibu ni kupima au kuchunguza. Kama taarifa zimeshatolewa na hatari iko wazi, jibu ni kutenda. Watu hukosa kwa kuchagua "pima shinikizo la damu" wakati swali limeshawaambia shinikizo ni ngapi.

Kuhusu namna ya kujifunza, tunashauri vikundi vya watu watatu. Mmoja asome amri ya dawa, wa pili akokotoe kwa kalamu bila simu, wa tatu akokotoe kivyake kabla ya kuvuta maji kwenye bomba. Wawili wasipopatana, hakuna kuvuta. Andikeni 0.5, kamwe msiache nukta bila sifuri mbele. Andikeni 5, msiandike 5.0, maana nukta ikififia inakuwa 50. Neno yuniti liandikwe lote, kwa insulini na oksitosini, kwani herufi U ya haraka husomeka kama sifuri.

Kwa hospitali za rufaa za mikoa, Kitete na Maweni, na hospitali zenye vyuo kama Nkinga, Ndala na Kabanga, tunaomba saa moja kila wiki kabla ya mtihani, mfamasia akiwapo, watahiniwa waonyeshwe ampuli halisi na wasome maandishi yake wenyewe. Vichupa vitupu vya atesuneti visuuzwe, vibandikwe karatasi ya MAZOEZI, vijazwe maji na vibaki chumba cha mazoezi bila kurudi wodini. Sindano zikishatumika ziingie kwenye kisanduku cha usalama pale pale, hata kama zilikuwa na maji tu.

Na lile faili la majibu lililo kwenye simu, lipelekeni kwa mkufunzi wenu, mlipitie swali kwa swali mkiwa na kalamu mkononi.

Wakufunzi wa uuguzi na ukunga,
Tabora