Aliyepasuliwa asiitwe mvivu wa kusukuma

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanawake wa huku kwetu Mbeya wanaoanzishiwa uchungu hospitalini, kisha wakaishia kujifungua kwa upasuaji. Mdogo wangu yalimkuta hayo kwa sababu ya presha ya mimba. Aliwekewa vidonge, baadaye dripu ya uchungu. Mlango wa kizazi ukagoma kufunguka, mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, akapasuliwa. Mama na mtoto ni wazima, Mungu ashukuriwe.

Kilichomuumiza kuliko kidonda ni maneno ya ukweni: eti mvivu wa kusukuma. Atasukumaje mtoto wakati njia haijafunguka? Kwa mimba ya kwanza hasa, mlango ukiwa bado mgumu na umefunga, dawa inaweza kushindwa, na hilo si kosa la mama.

Manesi nao wamweleze mama kabla ya kuanza: kwa nini anaanzishiwa, kwamba kazi hiyo huweza kupita siku nzima, na kwamba upasuaji unaweza kufuata. Mume awepo asikie.

Ila linalonitia hofu zaidi ni mimba inayofuata. Mwenye kovu asijifungulie nyumbani, wala asinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Kizazi kinaweza kupasuka penye kovu. Anayeishi Makete au milimani Rungwe, ambako masika barabara ni tope tupu, asogee mapema karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya