Kabla hujakubali sindano za mafua

Uyole, Mbeya

Shoga yangu, kamwene!

Barua yako nimeipata. Nimecheka hapo uliposema kwenye sala ya jumuiya wewe unaitikia kwa chafya. Pole lakini, mafua yasiyo na homa wala mwisho yanachosha.

Hizo sindano za mzio (aleji), za kuuzoesha mwili, alizozisikia shemeji zipo kweli, wala si mpya. Leonard Noon na John Freeman walizitangaza kule London mwaka 1911, wakiwachoma watu chavua ya nyasi, yaani ule unga wa maua yake, kidogo kidogo. Hadi leo ni vilevile: unapewa kile kile kinachokuchokoza, kwanza kiasi kidogo sana, kinaongezwa polepole mpaka mwili uache kukigombania. Miezi ya mwanzo unachomwa karibu kila wiki, halafu mara moja kwa mwezi, miaka 3 hadi 5. Mitano, mwenzangu! Vipo na vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ila navyo ni vya kila siku. Na ukishachomwa huondoki. Unakaa nusu saa machoni pa muuguzi, maana mara chache koo hubana na presha ikashuka, adrenalini, sindano ya kumwokoa mtu hapo hapo, inatakiwa iwe karibu. Ndiyo maana mwenye pumu isiyotulia hachomwi.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba umeshaihukumu mipaina. Ule unga wa njano unaotua kwenye mabati hapo Mafinga unaonekana, basi ndio unaosingiziwa. Chavua ya paina ni nzito, na ni nadra kuleta mzio. Wakorofi zaidi ni nyasi, ambazo chavua yake huioni, na utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, uliojificha kwenye godoro na mablanketi (na ninyi kwa baridi hiyo mnajifunika manne!). Ukichomwa sindano ya kitu kisicho chako, umechoma hela.

Muulize daktari wa masikio, pua na koo kipimo cha ngozi kinafanyika wapi. Wanadondoshea mkononi matone ya vitu vinavyoshukiwa, wanadonoa ngozi, na baada ya dakika 15 hivi wanaangalia palipovimba. Setirizini, kile kidonge cha mzio, utaambiwa uiache siku kadhaa kabla, la sivyo mkono hautasema kitu.

Ile dawa ya kupuliza puani usiitupe. Ielekeze upande wa sikio, siyo katikati ya pua, na upulize kila siku. Siku mbili hazitoshi kuilaumu. Mashuka yafue kwa maji ya moto hasa.

Niandikie majibu ya kipimo kabla shemeji hajauza mahindi ya kulipia sindano.

Wako,
Mama Upendo